Hita ya Wodi ya Wazazi

Tone la tatu lilimwangukia Luqmani kwenye kope, na safari hii hakulipangusa. Alikuwa amesimama juu ya stuli katika bafu la Mwenyekiti Sabiti, shingo imepinda, tochi ameibana kwa meno. Alipogusa mshono wa tangi la hita kwa ncha ya bisibisi, kutu ilibanduka vipande vipande na maji ya rangi ya chai yakamtiririkia kwenye mkono wa shati mpaka kwapani.

Alifunga koki, akashuka, akaitema tochi.

“Limeoza,” alisema.

Sabiti alikuwa mlangoni na kanzu yake, ametoka kuswali adhuhuri. Ndiye aliyekuwa akinunua pweza wote wa upande ule wa Ghuba ya Chole, na majokofu ya barafu kijijini yalikuwa yake. Kwa miaka saba alikuwa pia mwenyekiti wa kamati ya zahanati.

“Huwezi kulichomelea?”

“Bati limekuwa karatasi, Mwenyekiti. Nikiziba hapa litatoboka pale. Na umeme umeshaanza kupita kwenye maji. Mtu atakufa humu. Hili ni la kubadilisha.”

“Jipya linapatikana wapi?”

“Dar es Salaam. Likipanda boti bandari ya Nyamisati wiki hii, wiki ijayo litakuwa hapa.”

Chumba cha pili alisikika mama yake Sabiti, Bi Kijakazi, akikohoa. Alipooza upande wa kulia Ramadhani iliyopita. Akiogeshwa maji baridi mwili hukakamaa, akalia kwa sauti inayosikika mpaka barabarani. Luqmani aliwahi kuisikia.

“Wiki nzima,” Sabiti alisema. “Mama akae wiki nzima.” Alilitazama tangi, kisha akamtazama fundi. “Ile hita ya wodini ni saizi hii hii, au siyo?”

Luqmani alianza kufuta bisibisi kwa kitambaa. Ile ya wodini aliifunga mwenyewe, miezi miwili iliyopita, bila kulipwa. Mgeni mmoja mwanamke, mzee, aliyekuja Mafia kupiga mbizi, alipita kwenye zahanati akawakuta wanawake wakichemsha maji ya wazazi nje, juu ya mafiga. Kwao alikuwa mkunga. Alirudi kwao, akaituma hita ile.

“Ni hii hii,” Luqmani alisema.

“Kuazima tu, fundi. Jipya likifika, ile inarudi pale pale. Mimi si mtu wa kulazimisha watu.” Kisha Sabiti aliuliza kama anayejulia hali, “Na binti yako Warda? Bado anajitolea pale zahanati?”

“Bado.”

“Mwaka wa ngapi huu?”

“Wa tatu.”

“Mtoto ana subira.” Sabiti alitikisa kichwa. “Majina ya wa kupewa mikataba ya kazi napeleka Alhamisi.”

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Luqmani alirudisha bisibisi kwenye mkoba, akaubeba.

“Kesho asubuhi,” alisema.

*

Alikwenda na mkokoteni. Nesi Sheikha, mfawidhi wa zahanati, alikuwa Kilindoni kwenye semina, na wodini alibaki Warda peke yake na wazazi watatu. Tangu mama yake afariki, Warda na baba yake walikuwa wakiishi wawili tu. Aliutazama mkokoteni dirishani kabla ya kumwamkia.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba.”

“Mwenyekiti amenipigia simu. Amenisomea la kuandika.”

Alifungua daftari la vifaa, akamsomea: hita imetolewa kwa matengenezo, imechukuliwa na fundi Luqmani.

“Mbona siyo mbovu?” aliuliza. Aliuliza kama mtu anayeulizia tarehe.

“Ndivyo alivyosema uandike?”

“Ndivyo.”

“Basi andika.”

Warda aliandika, akatia sahihi, akamgeuzia daftari. Luqmani naye akatia sahihi.

Hita haishuki ukutani na maji yake. Alizima umeme, akafunga bomba linaloingiza, akalegeza nati ya chini, na maji ya moto yakaanza kumwagika sakafuni na kupanda mvuke. Mwanamke mmoja alikuja mbio na ndoo. Alikuwa mamamkwe wa Umi, msichana aliyeletwa kwa boti kutoka Jibondo juzi na kujifungua alfajiri ya siku ile.

“Usiyamwage chini, mwanangu. Kinga hapa.”

Alikinga ndoo. Ilipojaa akaja mwingine na beseni, na mwingine na sufuria na chupa mbili za chai. Walipanga foleni ndogo kando ya kitanda cha Umi, wakipokezana, wakipandisha kanga zisilowe. Hapakuwa na aliyeuliza kwa nini hita inatolewa. Walidhani fundi amekuja kutengeneza. Tangi lilipobaki na matone tu, yule mamamkwe aliliinamishia kikombe cha plastiki akapata nusu.

“Allah akulipe kheri, fundi,” alisema.

“Amin.”

Alifungua boliti nne, akaiweka hita begani. Ukutani palibaki matundu manne. Alifikiria kuyaziba kwa simenti, kisha akayaacha, kwa kuwa hita ingerudi.

Kabla ya alasiri ilikuwa imeshafungwa kwa Sabiti. Jamila, mke wa Sabiti, alimwogesha mkwewe mlango ukiwa wazi nusu, na Luqmani, aliyekuwa akikusanya vifaa vyake ukumbini, akamsikia mzee akishusha pumzi ndefu.

“Nani huyo amefunga?” Bi Kijakazi aliuliza. Maneno yalimtoka upande mmoja wa mdomo.

“Fundi Luqmani, mama.”

“Luqmani wangu? Mwambie amenifufua.”

Utotoni, mama yake alipokuwa shamba, Luqmani alikunywa uji kwenye nyumba hii. Aliinama kuokota kipande cha tepu kilichobaki sakafuni, akakitia mfukoni, akaaga.

*

Jina la Warda lilikuwamo kwenye orodha ya mikataba. Mkataba wa miezi mitatu, na neno la Sabiti kwamba akifanya vizuri utaongezwa. Warda aliukunja mara mbili akauweka ndani ya msahafu.

Hita mpya haikuja. Wiki ya kwanza bahari ilichafuka. Wiki ya pili duka lilikuwa limeishiwa. Baada ya hapo Luqmani hakuuliza, na Sabiti alipokutana naye msikitini alimpa mkono, akamuuliza afya, akapita.

Mafiga yalirudi nyuma ya zahanati. Nesi Sheikha aliporudi kutoka semina aliutazama ukuta wenye matundu, akasoma daftari, akalifunga. Wazazi wakaanza tena kuambiwa waje na kuni. Masika yakaingia, wakaja na kuni zilizofungwa kwenye mifuko ya nailoni, na bado zilifuka moshi bila kuwaka. Warda alirudi nyumbani akinuka moshi, macho mekundu. Siku moja alirudi kavaa ndala za kuazima, mguu wa kushoto umefungwa bandeji mpaka kwenye kifundo.

“Umeungua?”

“Kidogo. Niliteleza uani na sufuria.”

“Mzazi alipata maji?”

“Nilichemsha mengine.”

Walikula. Mvua ilikuwa ikipiga bati.

*

Mwezi wa tatu wa mkataba alikuja bwana mmoja kijana aitwaye Taufiki, aliyekuwa akiwatembeza wageni wa kupiga mbizi. Yule mkunga wa Ulaya alikuwa amemwandikia akimwomba picha ya hita, wodini, ikiwezekana na mama mmoja na mtoto.

“Napiga moja tu naondoka,” alimwambia Nesi Sheikha.

Nesi alimwonyesha ukuta.

Alasiri ile ile kamati iliitishwa kwenye baraza la zahanati. Walikuja watu kama ishirini. Wengi wao waliuona mkokoteni siku ile, ulikotoka na ulikokwenda. Wengine walishawahi kunawa kwa Sabiti kwenye maulidi ya mwezi uliopita na kuyasifu maji yake. Wote waliuza pweza sehemu moja.

Sabiti aliketi nyuma ya meza, daftari mbele yake. Alisoma taratibu, akaweka kidole kwenye sahihi.

“Fundi, tunaomba utusaidie. Hita ilitolewa kwa matengenezo. Sahihi yako hii hapa. Iko wapi?”

Luqmani alimtazama. Alikuwa akiamini kwamba mtu akisema neno kama lile atatazama pembeni. Sabiti hakutazama pembeni. Alikuwa akimngojea kwa utulivu, kalamu mkononi, kama daktari anayengojea mgonjwa aseme panapouma.

Kwenye mlango wa wodi alisimama Warda, ameegemea mguu mzima. Mkataba wake ulikuwa umebakiza siku tisa. Nesi Sheikha alikuwa kando yake, amemshika kiwiko, macho yake sakafuni.

“Iliharibika,” Luqmani alisema.

“Ilikuwa mpya,” Taufiki alisema. “Risiti ninayo. Haijamaliza hata miezi sita.”

“Koili iliungua. Nilipofungua nikakuta tangi limeoza kwenye mshono. Bati limekuwa karatasi. Nikiziba hapa linatoboka pale. Maji yanatoka rangi ya chai.”

Maneno yalikuja yenyewe. Alishangaa yalivyokuja kwa wepesi.

“Na mabaki yake?” Taufiki aliuliza.

“Niliuza chuma chakavu.”

“Baba,” Warda alisema.

“Nyamaza.”

Nyuma, mzee mmoja alisafisha koo. Watu waligeuka, wakangoja. Mzee alitema mate nje ya baraza, akajifunika tena shuka. Wakageuka mbele.

“Mimi nitamwandikia yule mkunga,” Taufiki alisema. “Sijui kama atatuma tena kitu huku.” Alitoa simu akaenda wodini kupiga picha ya matundu manne.

Sabiti alifunga daftari. “Huyu ni mtu wetu,” alisema. “Tumezaliwa naye. Sioni haja ya kumfikisha polisi mtu mzima mwenye mvi. Atanunua nyingine, airudishe. Mpaka hapo mkoba wake wa vifaa utakaa kwangu, kama dhamana. Kuna mwenye neno?”

Luqmani alikwenda nyumbani, akaja na mkoba, akauweka mezani. Spana ya bomba, bisibisi sita, msumeno wa chuma, koleo mbili; ndivyo alivyomsomeshea Warda kozi ya uhudumu wa afya. Sabiti aliuinua akasikia uzito wake, akampa mtu auchukue. Watu wakitoka, Luqmani alimsikia mmoja akisema kwamba Mwenyekiti ana huruma, mwingine angemfunga.

Warda alipika wali na dagaa. Waliketi mkekani, sahani katikati.

“Chumvi imezidi?” Warda aliuliza.

“Hapana.”

“Kesho nitakwenda kumwambia yule bwana ukweli.”

“Halafu?”

Kesho yake Warda hakwenda. Alikwenda kazini.

*

Siku ya tatu Jamila alipiga simu. Alisema maji yanatoka ya moto kupita kiasi, yamemchoma mama begani, na Mwenyekiti yuko kwenye mnada wa pweza. Je, fundi anaweza kufika mara moja?

“Sina vifaa,” Luqmani alisema.

“Viko huku.”

Alikwenda. Jamila alifungua stoo kwa ufunguo uliofungwa kwenye ncha ya kanga, akatoa mkoba, akaufungua yeye mwenyewe na kuushika wazi mbele yake. Luqmani alichagua bisibisi moja.

“Amesema usitoke nao,” Jamila alisema. Hakusema kwa ubaya.

“Najua.”

Bafuni Bi Kijakazi alikuwa ameketishwa kwenye kiti cha plastiki, kanga kifuani, bega moja limepakwa mafuta ya nazi. Luqmani alimwamkia. Mzee alimwitikia, akamuuliza mbona siku hizi hapiti. Luqmani alisema kazi nyingi.

Alipanda stuli, akafungua kifuniko cha chini cha hita, akaipunguza themostati robo duara. Akarudisha kifuniko, akakaza skrubu mbili, akashuka. Jamila alinyoosha mkono, Luqmani akampa bisibisi, naye akairudisha kwenye mkoba.

Kisha Luqmani alifungua bomba, akatia mkono chini ya maji.

“Yamepungua?” Jamila aliuliza.

Mvuke ulikuwa bado unapanda na kukifunika kioo kidogo kilichokuwa juu ya sinki. Luqmani alikuwa akiutazama mkono wake. Ngozi ilianza kuwa nyekundu juu ya vidole, wekundu ukapanda mpaka kwenye kifundo, naye alikuwa akijaribu kusikia kama maji ni ya moto au si ya moto.

“Fundi. Nimekuuliza, yamepungua?”

“Ngoja kidogo,” alisema, wala hakuutoa mkono majini.