Miguu ya Bi Pasi

Foleni ya bomba ilikuwa imefika mlangoni kwa fundi saa, na miguu ya Bi Pasi ilisimama kati ya muuza mkaa na mama mmoja mwenye mapacha. Ilivaa raba nyeupe na kaptula ya kitambaa kizito, na juu ya kaptula hapakuwa na mtu. Foleni iliposogea, miguu iliisukuma ndoo yake kwa ncha ya kiatu. Muuza mkaa alipojaribu kupenya mbele ilimkanyaga, akarudi nafasi yake akinung'unika kwamba watu wa nyumba ile hawana adabu.

Bi Pasi mwenyewe alikuwa nyumbani, kitandani. Alikuwa amefanya kazi ya kupiga pasi kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli, akisimama kutwa, mpaka siku alipoteleza kwenye ngazi yenye maji ya sabuni, uti wa mgongo ukaumia. Tangu hapo hakuhisi kitu kuanzia kiunoni kwenda chini. Serikali ilimpa posho ya ulemavu, na posho hiyo ndiyo iliyolipia vyumba viwili alivyokaa na mdogo wake wa kike, fundi cherehani.

Miguu ilivumilia kitanda kwa muda, kisha ikaanza kutoka. Asubuhi ilijichomoa taratibu, ikatembea hadi kiwandani, ikasimama nje ya geti mpaka mlinzi alipoifukuza. Jioni ilirudi ikajipachika mahali pake. Bi Pasi hakuhisi ilipotoka wala iliporudi. Alijua kwa matope tu, yaliyobaki kwenye shuka.

Wazo la bomba lilikuwa la mdogo wake. Alikuwa na sare za shule za kumaliza, na foleni ilimlia asubuhi nzima. Akaona miguu inazurura bure. Akaishonea kaptula kwa ajili ya heshima, akaivalisha raba za dada yake, akaiwekea ndoo mbele na kuiambia kwa sauti ya chini iende. Yeye angefuata baadaye kukinga maji. Mwanzoni aliona haya, akawa anafanya hivyo dada yake akiwa amelala. Baadaye haya haikuisha, ila aliizoea, hata akaanza kuifungia vifurushi vya sare juu ya kaptula ili ivipeleke kwa wateja.

"Mdogo wangu," Bi Pasi alimwambia siku moja, "hizo raba zimeisha soli."

Mdogo mtu akajibu kwamba atanunua nyingine. Mazungumzo yakaishia hapo.

Kuna mtu alikwenda kusema. Mkaguzi wa ofisi ya ustawi wa jamii alikuja akiwa na mkoba wake, mtu mpole, akaomba maji ya kunywa na kuketi kwenye kigoda kando ya cherehani. Alieleza kwamba amesikia malalamiko kuhusu watu wanaojitia ulemavu, akaenda bombani kuhakikisha, na kwa macho yake ameiona miguu ya Bi Pasi ikitembea, ikisimama muda mrefu, na kumkanyaga raia. Ofisi haikuwa na shaka kwamba sehemu ya juu ilikuwa inaumwa, alisema, lakini posho ilitolewa kwa ajili ya miguu, na miguu ilikuwa mizima.

"Ni mizima," Bi Pasi alikubali. "Ila mimi sitembei."

"Miguu ni ya nani?"

"Yangu."

Mkaguzi aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyerahisishiwa kazi. Lilibaki jambo moja tu, akasema. Miguu haijui shida ya maji. Lazima yupo anayeituma. Kama ni mtu mwingine anayeitumikisha, basi kosa ni la mtu huyo, na posho haiguswi.

Mdogo mtu alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Aliulowesha uzi mdomoni, akaukosesha tundu, akaulowesha tena. Aliwaza mteja anayesubiri sare, akawaza majirani, akawaza polisi. Hakuinua macho.

"Ninaituma mimi," alisema Bi Pasi.

Uzi ukaingia kwenye tundu.

Posho ilisimamishwa. Kwa kuwa ofisi haikutaka kuonekana katili, iliichukua miguu kazini. Tarishi alikuwa amestaafu, na mafaili yalihitaji kupandishwa na kuteremshwa. Mshahara upo, waliambiwa, ila mfanyakazi huufuata mwenyewe kwa mhasibu, ghorofa ya tatu.

Mwisho wa mwezi mdogo mtu alimbeba dada yake mgongoni, akapanda naye ngazi. Watu waliokaa kwenye mabenchi waliwatazama, kisha wakatazama kwingine. Mhasibu alikuwa na adabu. Alieleza kwamba Bi Pasi yuko kazini wakati huo, ameiona miguu yake ikipita sasa hivi, na mfanyakazi haruhusiwi kufuata mshahara saa za kazi. Baada ya saa za kazi dirisha hufungwa.

Wakaanza kushuka. Kwenye kona ya ngazi mdogo mtu alisimama kupumua.

"Dada," alisema, "siku ile ningesema."

"Najua."

"Ilikuwa mdomoni."

"Najua, mama. Shuka, tunaziba njia."

Kweli walikuwa wanaziba njia. Miguu ilikuwa inapanda, mafaili yamefungwa kwa mkanda juu ya kaptula, na kamba ya raba moja ilikuwa inaburuta. Bi Pasi aliitazama kwa juu ya bega la mdogo wake.

"Ifungie kamba," alisema. "Itaanguka."

Mdogo mtu alimkalisha dada yake kwenye ngazi, akamwegemeza ukutani. Akapiga magoti mbele ya watu wote, akafunga kamba, akalirudia fundo mara ya pili ingawa lilikuwa limekaza. Miguu ilisimama ikimsubiri. Alipomaliza alibaki ameinama, kwa sababu hakujua uso wake aupeleke wapi, na miguu ikamzunguka kwa uangalifu ikaendelea kupanda.