Maneno Ambayo Mtawa Hakuyasema

Fridolin alisoma seminari ndogo miaka minne, akaacha, akarudi Ifakara na vitu viwili: Kiingereza cha kueleweka na sauti nene ya kusomea masomo kanisani. Kiingereza hakikumpa kazi. Sauti ilimpa. Katika chumba chake cha mtaa wa Viwanja Sitini, dirisha likiwa limezibwa kwa godoro ili milio ya bodaboda isiingie, alikuwa akitafsiri filamu. Anaweka picha kwenye kompyuta, anashika maiki, na kila anayesema mle ndani, awe Mchina awe Mhindi, awe mwanamume awe mwanamke, anasema kwa mdomo wa Fridolin. Bonde zima lilimjua kwa jina la DJ Frido, ingawa wengi hawakuwahi kumwona uso.

Mwezi wa sita, Nikodemu, mwenye banda la video karibu na soko, alimletea filamu ya namna ambayo hakuwahi kukutana nayo. Haikuwa na risasi wala ngumi. Ilikuwa na milima, theluji, na watawa walionyoa vichwa na kujitanda mashuka ya rangi ya damu ya mzee. Mtawa mmoja mkongwe, Mbudha, anakufa. Mwanafunzi wake anatembea miaka mitatu kumtafuta mtoto ambaye yule mzee atakuwa amezaliwa tena ndani yake. Anamkuta kwa mkulima wa shayiri. Anampangia vitu mbele yake, vingine vya marehemu na vingine si vyake, na mtoto ananyoosha mkono na kushika tasbihi ya mzee.

"Watu watasinzia," Nikodemu alisema. "Lakini picha zake nzuri mno. Itie chumvi."

Shida ya kwanza ilikuwa neno. Kufufuka asingeweza kusema. Hilo ni la Pasaka, na aliyefufuka huamka na mwili wake mwenyewe. Kuzaliwa upya ni ubatizo, na walokole nao wana kuzaliwa kwao mara ya pili. Fridolin alizunguka chumbani, akakaa, akasimama. Mwisho akachukua neno dogo ambalo kila mtu analo nyumbani kwake: kurudi. Mwalimu amerudi. Lilikaa vizuri mdomoni.

Shida ya pili ilikuwa katikati ya filamu. Mwanafunzi anakaa na mtawa mwanamke, bibi mzee, kando ya mto, taa ndogo ikiwaka kati yao, nao wanazungumza karibu dakika nne nzima. Maandishi ya Kiingereza yalipita chini ya picha mbiombio, mambo ya taa na moto ambayo Fridolin hakuyaelewa hata nusu. Aliona benchi za Nikodemu zikibaki tupu. Akatazama ule mto kwenye picha, akakumbuka mafuriko ya mwaka uliopita, yaliyowachukua watu wa bonde na mitumbwi yao, na maneno yakamjia yenyewe. Akamnyamazisha yule bibi, akasema kwa niaba yake:

"Waliokufa maji hawakai mbali. Hurudi upesi. Mtazame mtoto aliyezaliwa ndani ya mwaka ule. Mwekee vitu vya marehemu. Akishika chake, ndiye."

Siku ilipoonyeshwa, Fridolin alisimama nyuma ya banda kama kawaida yake, kusikiliza watu. Walipofika hapo hakuna aliyekohoa. Mwanamke mmoja akajifunika uso kwa kitenge. Fridolin alikuwa hajawahi kuwanyamazisha watu namna hiyo, si kwa filamu za vita wala za mapenzi, na alitoka pale anatembea kama aliyeshinda uchaguzi.

Kabla ya wiki mbili kwisha filamu ilikuwa imeingia kwenye flashi na simu za watu, imefika Michenga, imefika Chita kwa treni, imekwenda ilikokwenda.

Asubuhi moja mlango wake uligongwa na mwanamume aliyevaa mabuti ya shambani, miguu ina matope mpaka magotini. Hakusubiri kukaribishwa.

"Wewe ndiye DJ Frido?"

"Ndiye mimi. Karibu, kaka."

"Mimi Kasmiri, natoka Michenga. Nimekuja kwa sababu ya filamu yako."

Akasimulia akiwa amesimama. Jirani yake, mama mjane aitwaye Agnella, alimpoteza mwanawe Polycarp kwenye mafuriko. Kijana wa miaka kumi na tisa. Mtumbwi ulipinduka akivuka kwenda kuangalia mpunga, na mwili haukuonekana. Miezi minne baadaye Rosa, mke wa Kasmiri, akajifungua mtoto wa kiume, wakamwita Evodius. Agnella alikuwa mtu mwema, alimsaidia Rosa kuchota maji. Kisha akaiona ile filamu kwenye simu ya mpwa wake.

"Siku ya pili yake akaja na kikombe, na mkanda, na kofia ya marehemu. Akavitandaza chini mbele ya mwanangu. Mtoto akashika kofia." Kasmiri alivuta pumzi. "Tangu siku hiyo anamwita Poli. Anakuja kila asubuhi, anataka amwogeshe yeye. Tukavumilia. Juzi Rosa amegeuka kumimina uji, mtoto hayupo. Tumemtafuta tangu saa mbili mpaka saa saba mchana, mpaka tumeingia mtoni na nyavu. Unajua mtu anavyovuta wavu akimtafuta mwanawe? Tumemkuta amelala kitandani kwa Polycarp, mama amekaa pembeni anampepea."

Fridolin alimsogezea kigoda. Kasmiri hakukikalia.

"Nimemwambia si yeye. Katekista amemwambia. Anatujibu kwamba mtawa amesema. Sasa nikauliza, mtawa ni nani? Wakaniambia, mtawa ni wewe. Njoo useme tena, useme si yeye."

Alipoondoka, Fridolin alikwenda kwa Nikodemu.

"Achana nao," Nikodemu alisema. "Kila mtafsiri anatia chumvi. Ukienda kule kukiri, kesho kila aliyeibiwa mke atakuja kusema ni filamu yako."

Alijaribu kufuata ushauri huo. Alikwenda sokoni akasahau alichofuata, akarudi, akaanza filamu nyingine, akajikuta amemwacha muuaji na polisi wote wamenyamaza kwenye skrini wakipanua midomo. Akaitoa. Akafungua ile ya watawa, ile ya asili isiyo na sauti yake, akaenda moja kwa moja kwenye taa na mto.

Alikaa na zile dakika nne tangu mchana mpaka jua la jioni likaingia kwa chini ya mlango, kamusi mapajani. Anasimamisha, anaandika, anafuta. Alipomaliza akaendelea mpaka mwisho wa filamu, na huko mwisho akakuta jambo jingine, baya kuliko la kwanza, na alikuwa amesahau kabisa kwamba alilifanya.

Kesho yake akapakia kompyuta kwenye mkoba, akachukua pikipiki mpaka Michenga.

Agnella alikuwa uani anaanika mpunga juu ya turubai, akiutandaza kwa kiganja. Mama wa miaka hamsini hivi, mwembamba, kitambaa cheupe kichwani.

"Shikamoo, mama."

Mkono wake ukasimama juu ya mpunga. Hakuinua uso mara moja.

"Marahaba," alisema taratibu. "Ni wewe. Hiyo sauti naijua." Sasa alimtazama, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo Fridolin alitamani kuikimbia. "Karibu, baba. Kaa. Wamekataa kuniamini hapa. Sema ile ya waliokufa maji. Sema wasikie."

"Siwezi kuisema, mama."

"Kwa nini?"

"Haimo kwenye filamu. Niliitia mimi."

Kuku alipanda juu ya turubai akaanza kudonoa, na Agnella hakumfukuza.

"Mtawa hakusema?"

"Hakusema. Bibi yule alisema mengine, mimi sikuyaelewa, nikaogopa watu watachoka. Nikatunga."

"Na mtoto kushika kofia?"

"Hilo sijui, mama. Mtoto hushika kinachomvutia."

Agnella akachota mpunga, akaumwaga tena. Kisha akauliza, na sauti ilikuwa imeshuka, "Mbona ukasema maji? Ungesema homa. Ungesema ajali. Mbona maji?"

Fridolin alikuwa amejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. "Kwa sababu ya mafuriko," alisema. "Nilijua yatawagusa."

"Kwa hiyo ulituchukua sisi. Ulichukua wafu wetu ukawatia kwenye sinema ili watu wanyamaze."

"Ndiyo, mama."

Alidhani atamfukuza, na angeondoka. Lakini Agnella alisimama, akajipangusa vumbi la mpunga, akasema, "Nionyeshe alichosema."

Waliingia ndani, wakaegesha mlango ili mwanga usiue picha. Fridolin aliweka kompyuta juu ya kigoda. Safari hii hakuwa na maiki wala sauti ya kanisani. Alisoma kwenye karatasi yake akikwama, na pale asipojua neno alisema sijui.

"Hapa kijana anauliza, 'Nitakapomwona, atakuwa ni yeye?' Bibi anasema, 'Ukiwashia taa moja kwenye nyingine, moto ni uleule au ni mwingine?' Kijana anasema hajui. Bibi anasema, 'Si uleule. Si mwingine.'"

"Hilo si jibu," Agnella alisema.

"Ndivyo anavyosema, mama. Wao wanaamini hivyo, kwamba hakuna kitu kizima kinachotoka hapa kikaingia pale. Na kuzaliwa tena kwao si zawadi. Wanaomba siku moja waache kuzaliwa, wapumzike."

"Endelea."

"'Ukimtafuta kwa sababu umeshindwa kumwachia, utamwona kila utakapotazama.'"

Agnella alikuwa ameshika mikono yake miwili mapajani, kila mmoja umekamata mwenzake. Fridolin alitaka kuzima, akaona si haki kuzima pale. Akaiacha iendelee mpaka mwisho, ambapo watawa wanamchukua yule mtoto kwenda naye monasterini na mama yake anabaki mlangoni analia, anasema maneno ambayo upepo unayakatakata.

"Huyu analia kwa furaha," Agnella alisema. "Nakumbuka. Mwanawe amekuwa mtu mkubwa."

"Hapana, mama. Hapo pia nilidanganya. Nilitaka watu watoke na moyo mwepesi."

"Anasema nini?"

Fridolin akasoma kwenye karatasi. "Anasema, 'Mzee wenu alikufa, mkalia. Sasa mnanichukulia mwanangu. Kilio chenu mmekihamishia kwangu.'"

"Rudisha."

Akarudisha. Agnella aliinama mpaka uso wake ukakaribia skrini, akamtazama yule mwanamke wa milimani, kamasi na machozi, mikono inapapasa hewa.

"Rudisha tena."

Mara ya tatu hakutazama. Alikaa amefumba macho, anasikiliza tu ile lugha asiyoijua. Kisha akainuka, akatoka, akapita turubai na mpunga wake na kuku watatu waliokuwa wanashiba, akashika njia ya kwa Kasmiri. Fridolin akamfuata kwa mbali.

Rosa alikuwa kizingitini. Alipomwona anakuja alimnyakua mtoto kutoka mkekani, akambana kifuani kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika. Agnella akasimama palepale, hatua kumi hivi, hakusogea zaidi.

"Hamjambo hapa?"

"Hatujambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Evodius hajambo?"

Rosa aliinua uso. Wiki tatu mama huyu alikuwa hajalitamka jina hilo.

"Hajambo."

"Juzi nilimchukua bila ruhusa yako. Mlimtafuta mpaka mtoni. Mimi nilikaa nawasikia mnaita, nikanyamaza." Akakaza kitambaa kichwani. "Nilikuwa nasikia, Rosa. Nisamehe."

Rosa alianza kulia, na mtoto naye akalia kwa sababu mama yake analia. Kasmiri akatokea nyuma ya nyumba, jembe mkononi, akasimama asijue afanye nini.

"Karibu ukae, mama," Rosa alisema mwishowe. Lakini hakumlegeza mtoto.

"Leo hapana," Agnella alisema. "Nitakuja siku utakaponiita." Akageuka. Alipompita Fridolin njiani hakumsemesha wala hakumtazama.

Jumapili iliyofuata Agnella aliomba misa ya marehemu. Kabla ya hapo, mwaka mzima, alikuwa amekataa jina la mwanawe lisomwe pamoja na wafu. Fridolin alisikia kwa Kasmiri, aliyempigia simu kumwambia, na kumwambia vilevile kwamba mama anakonda, halii, anavuna tu. "Rosa hajamwita bado," alisema. "Na mimi simlazimishi."

Fridolin akaitafsiri filamu upya. Aliacha bibi aseme yake, polepole, na penye ukimya akaacha ukimya. Akampelekea Nikodemu bure. Siku ya kuionyesha watu walipiga miluzi. "DJ amelala!" mmoja alipaza sauti. "Waliokufa maji wako wapi?" Walikuwa wameyazoea yale maneno, waliyangoja kama kiitikio. Nikodemu akavumilia siku mbili, ya tatu akarudisha ile ya zamani.

"Si uovu," alimwambia. "Watu wanataka kuambiwa kitu."

Fridolin alikwenda kwa wauza flashi mmoja mmoja akiwaomba waifute. Wengine walifuta mbele yake. Wengine walicheka. Kijana wa kutengeneza simu alimwonyesha kwamba yeye mwenyewe anayo, na mkewe anayo, na imeshakatwa vipande vifupi, kile cha mto pekee kikizunguka watu wakitumiana na picha za maua na misalaba chini yake. Alikuwa anapita barabarani anasikia sauti yake kwenye saluni, inawaahidi wanawake walio chini ya mashine za kukaushia nywele.

Akaanza kutembea na ile karatasi yake mfukoni. Alipokutana na mtu anaitazama, aliomba dakika nne. Wengine walimpa, wengi hawakumpa.

Mwisho wa mwezi wa nane, saa nne asubuhi, simu iliita, namba asiyoijua.

"Nazungumza na DJ Frido?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, mtu mzima, anayejaribu kusema kwa utulivu. "Nimepewa namba yako na watu. Mimi niko Chita. Nina swali kidogo kuhusu ile filamu, kama hutajali."

Nyuma yake mtoto mchanga alikuwa analia.

Fridolin aliweka maiki chini, akafungua mlango, akatoka nje penye mtandao mzuri.

"Shikamoo, mama," alisema. "Kabla hujauliza, niambie kwanza. Umefiwa na nani?"