Nyati wa Mai Jannat

Niseme wazi: nyimbo za Irshad zilinichosha. Mimi Aidarus wa Lamu na yeye wa Sindh, kule Pakistani, ndio tunaoshona katika duka hili la Satwa, Dubai, na simu yake hukaa juu ya cherehani ikiimba Kisindhi kutwa. Zeze la uzi mmoja na mzee analia. Nikimwambia apunguze, anapunguza. Nikiinama kutunga uzi, anaongeza tena.

Mwaka ule mafuriko yalipoimeza Sindh, redio ya kwao aliyoifungulia simuni ikabadilika. Wimbo mmoja, kisha matangazo ya waliopotea: jina, kijiji, alama ya mwili, alionekana wapi mara ya mwisho. Anayemtambua wake hupiga simu na kusema, "Huyo ni wangu. Nirudishieni." Salamu hazikupokewa tena, waliopotea tu. Wasindhi wa mtaani wakahamia kwetu: kinyozi na taulo begani, dereva wa teksi aliyeacha taa za gari zikiwaka, wapiga pasi. Walisimama mlangoni wakingoja kijiji chao kitajwe, na wateja wakashindwa kupita. Arbab, tajiri wetu mwenye duka, akafoka, "Khalas! Hili ni duka au msikiti?" Nilichoka nao wote, na nikaona haya kuchoka.

Irshad alimngoja mama yake, Mai Jannat. Simu ya mama ilikuwa haipatikani tangu maji yaingie. Alishona mikono ya kanzu nje ndani, nikawa nafumua kimyakimya kabla arbab hajaona. Kula hali.

"Ukifa kwa njaa, huyo mama atampata nani?"

"Inshallah," alinijibu, kana kwamba nimemuuliza habari za mvua.

Asubuhi moja mkasi ukamdondoka. Sauti ya bibi mkali ilitoka kwenye simu, na kinyozi akapiga ukelele. Mai Jannat! Yu hai, yuko kwenye hema juu ya tuta la barabara, kaazima simu ya watu. Irshad alinishika mkono akinitafsiria kwa lugha yetu ya dukani, Kiarabu na Kiurdu na Kiswahili nilichomlisha mwenyewe.

"Anatafuta nyati wake wa kufuga, wa maziwa. Mweusi, pembe ya kushoto imekatika. Aliyemwona amlete tutani."

"Halafu?"

"Halafu basi. Wameweka wimbo."

Wanaume walicheka mpaka wakakaa chini. Hata mimi. Mwana anakonda huku ng'ambo kwa ajili yake, yeye analilia mnyama! Irshad naye alicheka, kisha kicheko kikamgeuka, akalia mbele yetu na futi yake ikining'inia shingoni.

"Hakunitaja, bhai Aidarus."

"Akutaje kwa lipi? Asiyepotea hatafutwi. Anajua uko Dubai."

"Niliondoka mdogo wangu wa kike anatambaa, sasa ameolewa. Kila nikiomba likizo, arbab ananiambia mwakani. Mimi sijapotea?"

Nikaokota mkasi wake nikaurudisha mezani.

Akaichukua simu na kuituma redioni sauti yake. Walipoirusha jioni, kinyozi ndiye aliyenitafsiria, maana Irshad alijitia anatafuta vifungo. "Amepotea mwanamume. Jina Irshad, mwana wa Mai Jannat. Alionekana mara ya mwisho uwanja wa ndege wa Karachi, amevaa koti la kuazima. Alama: kovu la pasi mkono wa kushoto. Aliyemwona amwambie mama yake."

Safari hii hakuna aliyecheka. Dereva wa teksi akaenda zake.

Kesho yake mlango ulijaa kuliko siku zote. Nilishindwa hata kushona. Nilimhofia Irshad, kwani nani ajuaye kama redio inafika kule tutani? Nyimbo zilipita, na wengine wakatangazwa. Arbab alitoka nyuma kuja kufoka, akaziona nyuso zetu, akabaki amesimama.

Ndipo yule bibi mkali akaja hewani. Nyati hakumtaja. Nilimgeukia Irshad anitafsirie, lakini alikuwa amejifunika uso kwa kanzu ya mteja, na kwa kweli sikumhitaji. Maneno yale nilikuwa nimeyasikia kila siku kwa Kisindhi, yakisemwa na mama za watu.

"Huyo ni wangu. Nirudishieni."