Isale la Mama Mkwe

Shemeji yangu Dominiki alifika Durban Jumamosi moja ya mwaka 1998, na kabla hajavua koti akamwambia mume wangu kwamba inabidi nirudi Rombo. Mama yao kazeeka, na ng'ombe watatu hawana wa kuwakatia majani.

"Shemeji mwenyewe si yuko tu hapa nyumbani," akasema.

Godson akatazama zulia. Ndivyo alivyokuwa akiwaambia Watanzania wenzetu wa mtaani kwetu Sydenham, kwamba mkewe yuko tu. Ukweli ni kwamba nachomelea matela ya malori katika karakana moja kule Clairwood, na nina mkono mzuri kuliko wanaume wanne ninaofanya nao kazi. Yeye aliona haya. Mimi ni binti wa wahunzi, na watu wa kwao hawaoi kwa wahunzi; mtu angesikia nashika chuma angeuliza nimetoka wapi.

Kabla ya kuja Durban nilikaa kwao Rombo miaka sita. Kila alfajiri nilishuka tambarare kukata majani, nikayapandisha mlimani kichwani. Nilizoa samadi, nilichota maji, nilipalilia kahawa, na pesa ya kahawa wakapokea wanaume. Chakula changu mama mkwe hakukigusa hata siku moja. Mikono ya wahunzi ina laana, alisema. Lakini ng'ombe walikula majani ya mikono hiyohiyo, na maziwa yao aliyanywa. Laana gani hiyo inayochagua?

Nilimweleza Dominiki kazi yangu, mpaka saa ninayoingia. Hakubishana. Alifungua begi akatoa gazeti lililokunjwa, na ndani yake jani la isale lililonyauka kwa safari ya mabasi. Mama alikuwa amelichuma mwenyewe. Dominiki akalishika kwa mikono miwili, akaninyooshea. Kwetu Uchagani isale, jani la kupatanisha watu, halikataliwi, hata akikuletea aliyekuulia ndugu. Dominiki alilijua hilo, na Godson pia. Nilimsikia akishusha pumzi.

Nilikasirika. Kisha nikakumbuka isale ni la nini, nikalipokea.

"Shemeji, isale huletwa na mkosaji," nikamwambia. "Mwambie mama nimemsamehe miaka yote sita. Kurudi, sirudi."

Akasema hakutumwa kuomba radhi. Nikamuuliza, basi isale lilikuwa la nini? Isale lilikuwa mkononi mwangu tayari. Maji yakishamwagika hayazoleki.

Waliopatana hula pamoja. Nikapakua ndizi na nyama, nikamwekea mezani kwa mikono yangu yenye makovu ya cheche. Akamtazama mdogo wake.

"Eish, kaka, kula," Godson akasema. "Mke wangu ni fundi wa kuchomelea. Jumatatu anaingia kazini saa moja."

Dominiki akanawa, akala. Nikamwongezea nyama. Nikamwambia majani ya ng'ombe atakata yeye akirudi, maana mikono yake haina laana.