Masikio ya Mjomba Makaa

Wazazi, walimu, na ninyi nyote mnaolala usingizi wa amani: nasimama mbele yenu kutangaza kwamba katika vile vita vikuu vya baharini upande wetu uliibuka mshindi kwa sababu ya mjomba wangu.

Kusema kweli sijasimama. Nimekaa jikoni namenya vitunguu, na hiyo ni adhabu ambayo sababu yake mtaijua. Na mjomba mwenyewe hiyo bahari ya vita hakuiona. Alikuwa chini kabisa ya meli, kwenye boila, lile tangi la kuchemshia mvuke, anatia makaa.

Tunamwita Mjomba Makaa. Ni kaka yake mama, na anaishi nasi tangu alipovua sare. Kelele za mashine zilimla masikio kidogo kidogo, kisha kombora moja likamalizia kilichobaki. Ukidondosha sufuria nyuma yake, atageuka tu iwapo sakafu imetikisika. Lakini simama mbele yake uone. Kule chini hakuna aliyemsikia mwenzake, kwa hiyo wote walijifunza kusoma midomo. Mjomba husoma midomo kama mimi ninavyosoma ratiba ya chakula bwenini: haraka na kwa moyo wote.

Baada ya vita alipata kazi kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali, kuangalia boila. Aliipenda boila ile kuliko alivyotupenda sisi. Siku moja vali ya usalama, ile ya kutoa mvuke ukizidi, ikapiga filimbi huku yeye ameipa mgongo, anapangusa mabomba. Ilipiga mpaka wanawake wa kupiga pasi wakakimbilia nje. Yeye akaendelea kupangusa, anapiga mluzi wake mwenyewe ambao pia hausikii.

Msimamizi akamwondoa. Boila akapewa kijana asiyejua moto hata wa kiberiti, na mjomba akapelekwa kukunja mashuka.

"Leta mashine ya kusikilizia," msimamizi alimwambia. "Ukisikia filimbi, boila ni yako. Usiposikia, mashuka ni yako."

Mashine hiyo ni kisanduku cha kuning'iniza kifuani, chenye waya mpaka sikioni. Hutolewa na ofisi ya askari wa zamani, daktari wao akithibitisha kwamba hujui kinachoendelea duniani. Mjomba alikwenda. Daktari akakaa mbele yake, akamnong'oneza, "Umekula nini leo?"

"Mkate na chai," mjomba akajibu.

Daktari akaandika kwamba anasikia.

Alirudi nyumbani akapiga meza ngumi, vikombe vikaruka. "Alinong'ona, dada! Nimeona kabisa kwamba ananong'ona! Na mimi mjinga nikamjibu!"

"Sasa ulimjibu kwa nini, kaka?"

"Kwa sababu aliuliza!"

Mimi nilikuwa likizo, na hapa ndipo ninapoingia kwenye historia. Kila tulipokaa kula, nilisimama nyuma ya kiti cha mjomba, mkono kifuani kama mkuu wa shule siku ya wazazi, nikatoa hotuba. "Wapendwa, mbele yenu ni Mfalme wa Mashuka, Jemadari wa Foronya, mtu aliyeogopwa na kila shati la adui." Dada yangu mdogo alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Mama akiwepo nilibadili mada. Mjomba alitafuna taratibu huku ametazama kabati la vyombo, milango yake ya kioo, kana kwamba sahani zimemkosea. Nilidhani anawakumbuka wenzake.

Mama alipopigania mjomba apimwe tena, akanituma nimsindikize. Njiani nilimfundisha kwa upole wa mwalimu aliyekata tamaa.

"Mjomba, kazi ni moja tu. Usijibu."

"Sawa, Profesa." Ndivyo anavyoniita, na si kwa heshima.

"Akikuuliza jina?"

"Nitamtajia."

"Mjomba!"

"Si ameuliza?"

Tulisubiri kwenye benchi la ukumbini, mbele ya karani aliyekuwa anatafuna karanga na kutuambia "bado" kabla hatujauliza. Mjomba alikuwa amekunja kofia yake ya ubaharia mpaka imekuwa kama leso.

"Unaona ni mchezo," alisema ghafla, kwa sauti kubwa, maana hajui kuipima. "Tulipopigwa, fundi mkuu alitokea juu ya ngazi. Mdomo wake ukasema: tokeni. Nilikuwa nimemtazama, nikatoka. Kinyozi alikuwa kando yangu, huyo aliyekuwa ananikata nywele, lakini alikuwa ameinama anatia makaa. Hakuuona ule mdomo. Nilimwita. Nani angenisikia mle ndani? Ningerudi hatua mbili nimguse bega. Mvuke ukafika kwanza."

Karani aliacha kutafuna.

"Tangu siku ile mdomo ukifunguka, mimi natazama. Nikiona, najibu. Sijui kufanya vingine. Halafu ofisi nzima inaniita mwongo."

Nikaichukua ile kofia, nikaanza kuikunjua.

Daktari alikuwa mtu mwenye haraka. "Ni wewe tena? Haya, leo nitasimama nyuma yako." Akamkalisha akitazama ukuta, akarudi nyuma mpaka mlangoni, akanong'ona, "Una watoto?"

Nikafumba macho nikiomba.

"Sina," mjomba akasema. "Nina wapwa, na wananitosha."

"Anasikia kuliko mimi!" daktari akafoka. "Mzee, unanipotezea muda. Wapo watu wanaoumwa kweli!"

"Sisikii!"

"Na hilo umelijibuje?"

Mishipa ya shingo ilimsimama mjomba. Nadhani hata yeye hakujua alichokifanya. Macho yalikuwa yamekwenda yenyewe. Nikayafuata. Ukutani, mbele yake, palikuwa na kabati la dawa lenye milango ya kioo, na ndani ya kioo alikuwepo daktari mzima, na midomo yake.

Nikakumbuka kabati jingine, la nyumbani. Lakini daktari alikuwa tayari ameshika kalamu.

"Subiri, daktari," nikasema. Nikavua sweta la shule, nikalitundika juu ya kabati, kioo kikafunikwa chote. Kisha nikasimama nyuma ya mjomba, mkono kifuani, nikatoa hotuba yote kuanzia Mfalme wa Mashuka. Niliitoa kwa sauti ya gwaride, mpaka karani akaja kuchungulia mlangoni.

Mjomba alikaa kama jiwe.

Daktari alimtazama yeye, akanitazama mimi. Akapiga makofi karibu kabisa na kisogo cha mjomba. Hata unywele haukucheza.

"Sawa," akasema polepole. "Hasikii. Lakini wewe kijana, hotuba hiyo umeitunga sasa hivi?"

"Ni... mazoezi ya kuzungumza, daktari."

"Unaonekana umezoea sana."

Daktari aliandika upya. Karani akatueleza kwamba mashine zimekwisha, nyingine zitakuja na shehena ijayo.

"Lini?" mjomba akauliza.

"Shehena haijasema."

Mjomba alitembea mbele yangu mpaka nyumbani, anaupiga mateke mkebe mmoja njia nzima. Alipigania meli, akapigania boila, akapigania kuaminiwa kwamba ni kiziwi, na ushindi wake ni kungoja huku anakunja mashuka. Nilitaka kumwambia pole, lakini nilikuwa nyuma yake, na pole ya nyuma haimfikii.

Mama alikuwa anapanga vyombo mezani. Mjomba akaketi kwenye kiti chake, uso kwenye kabati.

"Profesa. Simama pale unaposimamaga."

"Wapi, mjomba?"

"Usinichoshe."

Nikasimama. Kwenye kioo, kati ya bakuli na birika, nilijiona: kijana mwenye masikio makubwa na mdomo mpana, unaosomeka vizuri sana.

"Ulijua," nikasema. Sikupaza sauti.

"Tangu siku ya kwanza."

"Kwa nini hukusema?"

"Kukunja mashuka ni kweli nakunja. Ningekataa nini?"

Mama aliweka sahani chini. "Mashuka gani tena?"

"Haya," mjomba akasema. "Mwambie mama yako. Mimi nasoma."

Nikaanza kuzunguka: kwamba lengo lilikuwa kuburudisha familia, kwamba leo hotuba ileile imemsaidia. Kwenye kioo macho yake hayakusogea. Yalikuwa yamenitazama jinsi alivyomtazama fundi mkuu, kana kwamba neno nitakalolitoa lazima litekelezwe. Nikashindwa kuzunguka zaidi.

"Nilikutukana, mjomba, kwa sababu nilijua hutasikia. Ningekuwa mbele yako nisingethubutu."

"Endelea."

"Nimekwisha."

"Jumapili ulimwambia mama yako kitu, nikiwa nimekaa hapahapa. Kuhusu nyama."

Mama akageuka. Nyama ile ilipotoweka kwenye sufuria, shahidi mmoja mwaminifu alisema ni mjomba aliyeimaliza, na mjomba hakuulizwa, maana shahidi aliaminiwa.

Nikatazama kioo, nikafungua mdomo wazi, kila herufi mahali pake.

"Nyama nilikula mimi."