Amina ya Mke Wangu

Mimi sili kabla ya Amina. Niite mkaidi, niite kichwa kigumu, mama yangu mzazi alikutangulia. Tangu tuoane, nyumbani kwangu mimi ndiye ninayeomba dua ya chakula na mke wangu ndiye anayeifunga kwa Amina. Mambo haya niliyatoa kazini. Mimi ni fundi wa kuezeka, na juu ya paa huachii bati mpaka mwenzako wa upande wa pili aseme, "Nimeshika!" Ukiachia kabla, upepo unalichukua na mtu huko chini anakatwa shingo. Nikamwambia mke wangu siku ya kwanza kabisa, mimi nitainua, wewe utashika, ndipo tule. Akasema mume wangu ana wazimu, lakini akashika.

Kisha nikaanguka. Sina hadithi ndefu hapo: mvua ilikuwa imenyesha, ngazi imeloa, na mimi nina haraka. Daktari alinieleza kwa heshima zote kwamba uti wa mgongo umeumia na miguu haitarudi. Nikamwambia, "Asante daktari, wewe umemaliza lako. Sasa niache niongee na aliyeniumba." Akacheka. Mimi sikuwa natania.

Tangu siku hiyo naomba miguu. Naomba asubuhi, mchana na jioni, tena naomba kama mtoto anayebisha hodi kwao na anajua baba yumo ndani. Miguu haijaja. Haya. Kuchelewa si kukataa, na hata akikataa bado ni Baba, sihami. Kuna siku nililia, nisikudanganye, nililia mpaka kamasi zikaingia mdomoni. Halafu nikajifuta, nikasukuma kiti changu cha magurudumu mpaka kwenye meza fupi niliyojitengenezea, nikaendelea kuchonga stuli. Kazi niliyobakiwa nayo ni kuvitengenezea viti miguu. Cheka tu, hata mimi nilicheka.

Miguu nilijua kuisubiri. Kilichoninyima usingizi ni ile Amina.

Ilianza kupungua taratibu. Kwanza ikawa ndogo, kisha ikawa pumzi tu. Siku moja nikaomba kama kawaida, "Na miguu yangu, Mungu, nirudishie nipande tena," nikangoja. Kimya. Nikafungua jicho moja. Mke wangu anatazama kikopo cha chumvi.

"Mama, sijasikia," nikasema.

"Kula, chakula kinapoa."

"Sijasikia."

"Baba wee, kula!"

Sikula. Na yeye hakusema. Tukakodoleana macho mezani, watu wazima wenye wajukuu, mpaka mchuzi ukaganda. Mwishowe akaitoa hiyo Amina kama mtu anayetema mbegu ya chungwa. Nikamwambia hiyo siyo. Akachukua sahani yangu, akaifunika, akaenda zake kwenye cherehani. Kesho yake ikawa hivyohivyo, na keshokutwa. Suruali ikaanza kunivuka. Mchana nilikuwa nakula mkate kwa jirani, na huko nilijifungia dua mwenyewe, maana ukaidi nao una mipaka yake.

Nikajiambia najua kinachoendelea: mke wangu amemchoka Mungu. Ameona mume anaomba, anaomba, na jibu hakuna, akasema basi. Hapo niliogopa kweli. Mtu asiye na miguu anaweza kubebwa. Lakini mimi na yeye tukipotezana katika hilo, nani ambebe mwenzake? Watoto wameshaondoka, kila mmoja na maisha yake. Nyumba nzima ni sisi wawili. Nikawa namwombea kimoyomoyo nikiwa nachonga: Mungu, nirudishie mke wangu.

Basi akaja dada yangu mkubwa. Tunamwita Redio, na hakuna aliyewahi kupaona mahali kilipo kitufe chake cha kuzimia. Akaketi sebuleni, akaona sahani zimefunikwa, akavuta pumzi.

"Mdogo wangu," akasema, "dua zenu zinagonga dari zinarudi. Kwa nini? Kwa sababu ndani ya nyumba hii kuna mtu anazizuia. Kuna dhambi imefichwa mahali. Mungu hawezi kukaa kimya bure."

Jikoni kifuniko cha sufuria kikaanguka. Mke wangu akapita mbele yetu, uso umesawajika, akaingia chumbani na kufunga mlango.

"Dada," nikasema, "nakuheshimu, ulinibeba mgongoni nikiwa mtoto. Sasa chukua mkoba wako."

"Nimesema ukweli tu!"

"Umesema upuuzi. Mungu ana sababu zake, na hakukuajiri uwe msemaji wake. Mkoba, dada."

Akaondoka akinisuta mpaka barabarani. Nikasukuma mlango wa chumbani kwa kiti changu. Mke wangu alikuwa kwenye cherehani, anakanyaga pedali kwa nguvu, na chini ya sindano hakuna nguo.

"Mke wangu," nikamwambia, "kama umemkasirikia Mungu, sema. Anastahimili. Lakini usininyamazie."

"Sijamkasirikia," akasema. "Namwogopa."

Pedali ikasimama.

"Miaka yote ile," akasema, "ulikuwa unaomba asubuhi upate kazi, mapaa marefu zaidi, nami nasema Amina. Ukitoka tu mlangoni, napiga magoti hapa hapa. Nasema, 'Mungu, mshushe mume wangu kwenye mapaa. Mshushe, nimechoka kuusikiliza upepo.' Kila siku iendayo kwa Mungu." Akaniangalia. "Akakushusha."

Akalishika gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Sasa unaomba upande tena. Nikisema Amina, naona unapanda, unaanguka, unakufa. Nisiposema, ni mimi ninayekunyima miguu. Wifi amesema kweli. Huyo mtu ni mimi."

Nilishikwa na hasira ambayo sijui hata niielezeje. Mwanamke huyu alibeba jiwe lile peke yake, na mimi kazi yangu nasusia chakula kama kitoto! Nikamwambia asogee karibu. Nikamshika mabega yote mawili.

"Nisikilize. Ile ngazi niliiona imeloa. Niliiona kwa macho yangu haya, nikasema potelea mbali. Mungu wa kumjibu mke kwa kumvunja mume mgongo simjui, na sijawahi kumwomba. Huyu ninayemwomba aliisikia dua yako, na alijua unachokitaka. Ulikuwa unataka nini?"

"Usife."

"Nimekufa?"

Akatikisa kichwa.

"Basi."

"Lakini kwa nini aliacha uanguke?"

"Sijui. Nimemuuliza, hajaniambia. Kwa nini hanipi miguu, hilo pia sijui. Lakini ninayemwita namjua, mama. Namjua kuliko ninavyolijua hili kovu langu la mgongoni. Akisema, akinyamaza, ni yuleyule."

Alilia, akalia, nami nikamsaidia. Katikati ya kilio tumbo langu likanguruma kama gari bovu. Akaguna. Kisha akacheka, machozi bado yanamtoka, akasema mume huyu nimepewa ili anizeeshe.

Tukarudi mezani. Akafunua sahani, akapasha mchuzi, akakaa. Kwa kawaida kila mtu hufumba mikono yake. Siku hiyo niliuomba mkono wake, akanipa.

"Mungu," nikasema, "miguu bado naitaka, unajua. Ukinipa nitashukuru, ukininyima sitoki hapa. Lakini leo nimekuja na dua ya mke wangu. Aliomba niwe salama na mimi nikawa naomba nyingine, humu humu ndani ya nyumba moja, bila kujua. Nimechelewa, lakini naungana naye. Mengine hatuyaelewi. Tunakuamini wewe."

Nikangoja, macho nimeyafumba. Nilisikia anapumua. Nilisikia mchuzi uliobaki ukichemka jikoni na watoto wa jirani wakigombania mpira. Nikajiambia, hata asiposema leo, nitakula, nisimtese tena. Nikawa nauachia mkono wake.

Akaukamata.

"Amina," akasema mke wangu, kwa sauti yake nzima, ile ya zamani. "Amina. Haya, kula sasa."

Na mimi niliyekuwa nimeisubiri muda wote ule, nilikishika kijiko kwa mkono mmoja, ule mwingine bado ameukamata, nikala.