Mbuzi Aliyeelekezwa Makka

Ulimi wangu hauna breki, Kitui nzima inajua. Baba yangu, mzee Jabiri, alitoka pwani na robota zake za nguo kabla sijazaliwa, akafungua duka karibu na msikiti, nami nikarithi duka, nyumba na huo ulimi. Kuna siku moja mwaka wa sabini na moja niliutumia vibaya. Hiyo ndiyo ninayotaka kueleza, kwa hivyo nisikilizeni na mtu asinikatize.

Mwanangu Yakub alioa Mkamba wa Kilungu, Ndinda binti Mutiso. Msichana alisilimu kwa hiari yake, tukampa jina la Tima, ingawa mimi hadi leo namwita Ndinda kwa sababu ndilo jina alilokuja nalo mlangoni. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kusimama mbele ya watu kila Jumapili na Biblia mkononi. Aliposikia, akasema binti yake asikanyage boma lake mpaka ntheo ichinjwe, na hiyo ntheo yeye haipokei.

Ntheo ni mbuzi wa ndoa wa Wakamba. Upande wa mume huleta, na wazazi wa msichana wakishakula ile nyama, basi amekuwa mke wa watu. Wasipokula, hata azae watoto kumi, kwao anahesabiwa msichana aliyetoroka.

Ndinda akajifungua mtoto wa kwanza. Siku ya tatu nikasikia hodi. Mlangoni kasimama mama mwembamba, vumbi hadi magotini, kashika sufuria iliyofungwa kwa leso. Alikuwa Muthoki, mama yake Ndinda. Mumewe alikuwa amekataa kuja ila hakumzuia yeye, naye akapanda mabasi mawili kumletea mzazi kuku wa kuchemsha.

"Kachinja nani?" nikamuuliza.

"Mimi mwenyewe," akasema, tena kwa furaha, maana alidhani namsifu.

Nikamnyang'anya sufuria, nikatoka nayo hadi mtaroni, nikamwaga. Paka wakaja mbio. Nikasema, na nilipaza sauti makusudi majirani wasikie, "Kibudu hakiingii nyumbani kwangu!" Yule mama akainama. Akaokota sufuria yake, akaomba maji, akaisuuza palepale. Kisha akaingia chumbani, akambeba mjukuu wake kidogo, akaenda zake. Ndinda alikuwa usingizini, hakujua lolote.

Astaghfirullah. Nikisema hivi hata sasa mwili unanisisimka. Lakini siku ile nilijiona shujaa, nimeilinda dini.

Miaka sita ikapita, na katika miaka hiyo Ndinda akaniteka moyo. Mgongo uliponilaza miezi miwili, ni yeye aliyeniogesha na kunigeuza kitandani, huku akinikaripia, mimi Mwanamkasi! "Mama, kunywa dawa, maneno baadaye." Nilimpenda kuliko Yakub, na Yakub mwenyewe anajua. Ila kila mwezi aliandika barua kwenda Kilungu, na kila mwezi hakuna jibu. Nikimwona analamba stempu, nageuza uso. Nilijua kwa nini baba yake hajibu. Ni yule kuku. Nani atakula mbuzi wa watu waliomwaga kuku wa mkewe? Na sikuthubutu kumwambia Ndinda, nikiogopa atanichukia.

Mwaka wa sabini na saba ikaja barua, mistari miwili tu. Mzee Mutiso anasema tulete ntheo. Ndinda alipiga kigelegele, mtoto mgongoni, mpaka wateja wakatoka dukani bila kulipa. Yakub akaandika kurudisha jibu, akaeleza kwa adabu kwamba sisi mbuzi wetu huchinjwa akielekea Makka, na jina la Mungu litajwe. Tukatanguliza mbuzi watatu. Siku yenyewe kaka yangu Abdallah akatia kisu chake kikapuni, kimefungwa gazeti, maana ndiye angechinja.

Tulipofika, Ndinda akabaki nje ya lango na wanawe wawili. "Baba akishakula nyama nitaingia," akasema.

Mzee Mutiso akatupokea kwa mikono miwili. Mrefu, kavaa koti zito na jua lile lote. "Karibuni! Nyama iko tayari. Nilichinja mapema ndio msikae na njaa."

Nikamtazama Abdallah. Abdallah akakitazama kikapu.

"Barua ya Yakub niliisoma vizuri," mzee akaendelea, uso umemchangamka. "Nikaenda kwa mwalimu Mbuvi, akatoa ramani, akanionyesha Makka iko upande gani. Huyu mbuzi nilimgeuza hivi." Akatuonyesha kwa mikono. "Uso kaskazini kabisa. Nikataja Mungu. Na kisu nilinoa mara tatu, asisikie uchungu. Hawa wenzangu wa kanisa wamenicheka tangu asubuhi, wananiuliza nimekuwa imamu lini."

Wale wazee wa kanisa walikuwa kwenye benchi, wameuma midomo. Jamani, mimi nilishikwa na kicheko na kilio kwa pamoja. Kafanya kila kitu, hakubakisha, ila kitu kimoja tu, kwamba yeye si Mwislamu. Na barua yetu haikusema nani ashike kisu! Tulidhani inajulikana.

Nikamvuta Abdallah pembeni. Yeye ndiye aliyesoma dini kwetu. "Tufanyeje sasa?"

"Tule," akasema. "Ni mtu wa Kitabu, na jina la Mungu kalitaja. Wako masheikh wanaokataa na wako wanaokubali. Mimi leo niko na wanaokubali."

"Na ingekuwa kuku?"

"Kuku ana dini yake mbali na mbuzi?"

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Uliniuliza lini, wewe?"

Sikumuuliza. Nilikuwa nimeshamwaga.

Nyama ikaletwa kwenye sinia. Yakub akala, Abdallah akala. Mzee Mutiso akanisogezea mwenyewe. "Wewe ni mama ya kijana. Ukishakula, mimi na mama ya msichana tutakula, tumalize." Mkono wangu ukakataa kunyanyuka. Nikauona uso wa mzee unashuka, na kule langoni Ndinda kajishika mdomo. Wote walidhani naikataa nyama yake.

"Mzee Mutiso," nikasema, "nyama yako ni safi. Mimi ndiye mchafu. Siwezi kuila kabla sijaomba radhi kwa sababu ya yule kuku. Nilimwaga mtaroni mbele ya mkeo, nikamwita kibudu. Miaka sita umetunyima jibu kwa sababu yangu, na ulikuwa na haki."

Mzee akanikodolea macho. "Kuku gani?"

"Aliyeletewa Ndinda alipojifungua."

"Lakini hiyo kuku mlikula." Akageuka jikoni. "Muthoki! Si uliniambia huyu mama alikula mpaka akalamba vidole? Si ulisema hata aliuliza utaleta ingine lini?" Kisha kwangu, amechanganyikiwa kabisa. "Mimi nilikataa kwa sababu ya kanisa, si kuku. Na hiyo kuku ndiyo ilinifanya nikubali. Kila nikikataa, huyu ananiambia, wale walikula chakula chako, wewe ni nani unakataa chao? Miaka sita ananiambia hivyo! Ndio hata nikachinja bila kuogopa."

Muthoki akatoka jikoni, anajifuta mikono kwenye leso. Tangu tufike hakuwa ametoka.

"Nilidanganya," akasema.

"Ulidanganya kwa nini?"

"Ndinda alikuwa amelala kwa nyumba ya huyu mama, na mtoto wa siku tatu. Ningekuambia ukweli ungemchukia huyu mama mpaka kufa. Na huyo ndiye alikuwa anampikia mtoto wetu uji."

Ulimi wangu usio na breki ndio uliotufikisha hapo. Nilipiga magoti na baibui langu kwenye vumbi la Kilungu, mbele ya wazee wa kanisa wote, nikalia kwa sauti.

"Nisamehe, Mama Ndinda. Nilikukosea, wallahi nilikukosea."

Muthoki akanishika kiwiko, akanisimamisha. Hakuwa anatabasamu. Akachukua sinia mkononi mwa mumewe, akachambua vipande mpaka akapata cha ubavu, chenye mafuta, akaniwekea kiganjani.

"Kula, Mama Yakub," akasema. "Miaka sita nasema ulikula. Usinifanye mwongo."

Nikala. Mzee naye akachukua kipande, akatafuna, akampa mkewe kingine. Kisha nikasikia lango linafunguliwa.